Kiti Kimoja, Vyombo Vitatu: Barua kwa Mamlaka Husika

Kwa Mamlaka Husika,
Popote Ilipo,
Nairobi.

KUH: OMBI LA USHAURI JUU YA KITI CHA MTOTO MCHANGA KINACHOFAA CHOMBO CHA FAMILIA

Mheshimiwa Mamlaka,

Nakuandikia kutoka Chundwa. Tuko kisiwa cha Pate, ubavuni mwa Kizingitini na Mbwajumwali, kaunti ya Lamu. Sijapata kuonana nawe, lakini jina lako nalijua tangu utotoni. Kila boti ikizama, kila bodaboda ikiparamia mnazi, kila gati likimeguka, wakubwa husimama mbele ya kamera wakaiomba Mamlaka Husika ichukue hatua. Mbunge anakuomba. Gavana anakuomba. Hata waziri, ambaye sisi ndio tunamwomba, naye anakuomba wewe. Nikasema, anayeombwa na wote hao ndiye wa kuandikiwa. Hawa wadogo wa nini?

Haja yangu ni ndogo. Nina kiti.

Ni kiti cha mtoto mchanga, cha kufungwa garini, mjukuu wangu ameletewa na shemeji ya mwanangu aliyeko Ohio. Kule Marekani, alitueleza kwa simu, mama akishajifungua hospitali nyingi hazimruhusu kutoka na mtoto kwa gari mpaka zihakikishe kiti kipo. Jimbo la kwanza kulitungia sheria jambo hilo ni Tennessee, sheria ikaanza kazi 1978, na kufikia 1985 majimbo yote yalikuwa na ya kwao. Miaka hiyo mji wa Lamu ulisifika kwa kuwa na gari moja tu, la mkuu wa wilaya, na hata dereva angefanya uzembe wa namna gani hakuwa na gari la kugongana nalo. Kwa hiyo hatukulaumu kwa kuchelewa.

Kiti kilishushwa Mombasa, kikaja Mokowe kwa basi, kikavushwa kwa boti hadi Mtangawanda na kumaliziwa kwa bodaboda mpaka mlangoni. Nataka ujue, Mheshimiwa, kwamba katika safari yote hiyo kilifungwa kamba vizuri kuliko abiria yeyote niliyemwona kisiwani humu. Mwenye boda alikizungushia mpira mara nne, akasimama njiani kukaza. Nilipomuuliza mbona leo ana uangalifu hivi, akanijibu: "Mzee, huu ni mzigo wa watu."

Basi tukaketi ukumbini kukisoma. Msomaji alikuwa binti yangu wa kidato cha tatu. Kitabu cha maelekezo ya kiti ni kinene, na sharti la kwanza ni kwamba usinunue kiti kabla ya kukijaribu ndani ya chombo cha familia, maana viti vya magari vina miinamo tofauti na mikanda ya urefu tofauti, na kiti kinachokaa sawasawa kwenye gari hili huenda kikapepesuka kwenye lile. Mtoto mchanga lazima aelekee nyuma. Asiwekwe mbele penye mfuko wa hewa. Kiti kinaswe kwenye vyuma viwili vilivyojificha baina ya kalio na egemeo. Ukishakifunga kitikise pale mkanda unapopita, na kisisogee zaidi ya inchi moja. Halafu ubavuni kina kipovu ndani ya kichupa, mfano wa pimamaji ya fundi mwashi, na kipovu hicho kikae baina ya mistari miwili ndipo shingo ya mtoto isianguke mbele ikamziba pumzi.

Pembeni kuna kibandiko chenye maandishi mekundu yasemayo kiti kimeidhinishwa kutumika kwenye magari na kwenye ndege. Binti akakigeuza chini juu akitafuta mashua. Hakuna. Akatafuta punda. Hakuna. Tukaona hapo pana upungufu wa kitaalamu ambao ni wewe tu unayeweza kuujaza, na ili tusikuletee ombi mikono mitupu, tukafanya majaribio wenyewe.

Punda alituchukua muda mfupi. Sharti la mfuko wa hewa alilitimiza, kwani mbele hana. Nyuma anayo hewa tele, nayo hutoka bila hata kugongwa, na kwa kuwa kitabu kinataka mtoto aelekee huko huko nyuma, mkwe wangu alikataa kabla hatujafunga kamba ya kwanza.

Bodaboda ilituingiza kwenye sheria. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2012 yanasema pikipiki ibebe abiria mmoja tu nyuma ya mwendeshaji, na abiria huyo avae kofia ngumu. Sasa naomba tafsiri: mama aliyembeba mtoto wa mwezi mmoja ni abiria mmoja, wawili, au mmoja na kichele? Huku tumezoea kumhesabu mmoja, kwa kuwa nauli ni moja. Mtoto huwa katikati, ndani ya mbeleko, shavu limebanwa na mgongo wa mwendeshaji na jaketi lake linalong'aa. Kofia hana, na asiwe nayo, shingo yake haiwezi kuibeba. Watoto wakikua kidogo hupandishwa juu ya tangi la petroli wakashika usukani, na kila wanayepishana naye huwapungia mkono. Kiti cha Ohio hatukukipatia nafasi popote isipokuwa pale anapokaa mama, na mama ndiye mwenye maziwa.

Ikabaki mashua, na hapo ndipo penye maneno. Chombo cha familia yetu hasa ni mashua ya mjomba wake mtoto, yenye mashine, inayokwenda mjini Lamu maji yakiruhusu. Tulikishusha kiti ndani ikiwa gatini. Tukavitafuta vile vyuma viwili. Tulichopata ni mataruma, na baina yake maji kidogo na upo wa kuyafulia. Mjomba, ambaye hakubali kushindwa na kitabu, akakifunga kiti kwenye ubao wa tezi kwa fundo la nanga, akakitikisa kwa mikono miwili. Hakikusogea hata nusu inchi. Mashua ndiyo iliyosogea. Kipovu kilitulia tulipokuwa tumefunga. Tulipotoka nje kidogo na kusi linavuma, kikaanza kukimbia omo na tezi, omo na tezi, mpaka binti akaacha kukitazama kwa kichefuchefu.

Tulicheka sana. Kisha mjomba akanyamaza, akainama, akafungua fundo lake mwenyewe, akakitoa kiti na kukiweka juu ya gati. Hakueleza kitu, na mtu wa bahari hahitaji kuelezwa. Mtoto aliyefungwa mikanda mitano ndani ya kiti, na kiti kikafungwa kwenye chombo, chombo kikipinduka atakwenda nacho. Garini mkanda unakuokoa kwa kukushika. Baharini unataka kitu kitakachokuachia.

Mama zetu wanalijua hilo bila kitabu. Mtazame mwenye uzoefu akipanda boti: akishakanyaga tu hulegeza mbeleko, akamtoa mtoto na kumpakata mikononi, ndipo akae. Leso ikilowa fundo halifunguki kwa vidole. Mama mgeni wa safari hukaa na mtoto amefungwa mgongoni, akidhani ndio usalama, na huwa kuna bibi mmoja wa kumpigia kelele kutoka upande wa pili.

Hapa, Mheshimiwa, naomba niiweke kejeli pembeni kidogo. Agosti 2017 boti iliyotoka visiwani kwetu kuelekea mjini Lamu ilipinduka, ikachukua jamaa wengi wa familia moja. Baada yake ukaombwa kuchukua hatua, kama kawaida. Siku ile ya kiti nilifunua chini ya ubao nikazikuta jaketi za kujiokolea, za rangi ya machungwa, nzuri, zote za watu wazima. Tukamvisha mtoto moja pale pale gatini, mama yake ameshika chini. Alitokea chini.

Jaketi ya mtoto mchanga ipo duniani, wala si siri. Ina kola nene nyuma ya kichwa ya kumgeuza uso juu. Ina mkanda unaopita katikati ya miguu ili asichomoke, na juu ina mshikio wa kumnyakua majini kwa mkono mmoja. Huchaguliwa kwa kilo za mtoto, na hujaribishwa kwanza nchi kavu. Tena kwa mtoto wa wiki mbili tatu hata hiyo ina walakini, na wenye hekima husema asisafirishwe kwa boti ndogo ila kwa dharura. Lakini Chundwa safari ya kwanza ya mtoto huenda ndiyo hiyo ya dharura, kwa sababu mama akipewa rufaa kwenda hospitali ya King Fahd mjini Lamu hakuna lami ya kumfikisha. Akijifungulia huko, anarudi na kichanga kwa maji yale yale.

Sasa swali la mamlaka, nalo ni lako wewe binafsi. Mjukuu wangu akitoka nyumbani alfajiri yuko juu ya bodaboda, na barabara ni ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Akikanyaga boti anaingia kwa KMA, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, na tangu 2018 kuna pia walinzi wa pwani. Akishuka Mokowe kupanda basi la Mombasa kwa barabara ya Garsen, amerudi kwa NTSA. Kwenye basi ataikuta ile mikanda ya kanuni za marehemu Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa 2004 na kutikisa matatu nchi nzima. Mkanda utamfunga mama, na mama atamfunga mtoto kwa mikono, jambo ambalo gari likigonga hakuna mikono iliyoumbwa kuliweza. Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto vinaweza kupunguza sana vifo vyao. Kwa hiyo mwenye gari lake Nyali au Kileleshwa asisome barua hii akafurahi. Akinunue kiti leo, akijaribu kwanza kwenye gari lake hilo la mtumba wa Japani, na asikubali kiti kilichotumika ambacho hajui kama kiliwahi kupata ajali.

Lakini mtoto ni yule yule katika vyombo vyote vitatu, uzito ule ule, shingo ile ile. Kinachobadilika ni ofisi. Na kwa kuwa mtoto wa mapajani halipi nauli, mhesabu abiria kwenye boti humpita kwa jicho, kondakta humpita, na mwenye boda ndiye huyo aliyeniambia kiti ni mzigo wa watu. Nimejaribu kufikiri ni kwa nini kiti kilizungushiwa mpira mara nne na mtoto hakuzungushiwa hata mmoja, na jibu pekee nililopata ni kwamba kiti kilikuwa na risiti.

Ombi langu basi. Kipeperushi kilichobandikwa dukani kwetu na mgeni mmoja wa semina, chenye picha ya mtoto anayetabasamu ndani ya gari na maneno "Chagua kiti kinachofaa gari lako", tunakushukuru nacho, kinazuia upepo. Badala ya kingine, tunaomba kila boti ya abiria ya Lamu Mashariki iwe na jaketi mbili tatu za vichanga na za watoto wadogo, zikaguliwe pamoja na zile za watu wazima, na mtoto aandikwe kwenye orodha ya abiria kwa jina lake hata kama nauli yake ni sifuri. Gharama yake sitaki kukufanyia hesabu, isije ikaundwa kamati. Kuhusu bodaboda nakuachia ufikiri mwenyewe, kwa sababu mimi nimefikiri nikashindwa.

Kiti kipo salama na kinaweza kukaguliwa. Kwa sasa hakitumiki, kwani kitabu kinakataza mtoto kuachwa alale humo saa nyingi nje ya gari, na mkwe wangu amelishika neno hilo kuliko sisi sote.

Ukimtuma mkaguzi, mwambie aangalie mwezi kabla ya kuondoka Nairobi. Maji yakipwa boti hazitembei, na akishuka mahali pabaya atatembea matopeni na viatu mkononi. Na kama atakuja na mwanawe mchanga, tafadhali tuarifiwe mapema ana kilo ngapi, kwa sababu jaketi tulizonazo zote ni za kumfaa mkaguzi mwenyewe.

Wako mtiifu,
Babu yake mtoto,
Chundwa.