Kufunga Mfumo wa Biashara katika Kampuni Ndogo: Somo la Bingwa

Mfumo wa usimamizi wa biashara ni programu moja inayounganisha mauzo, manunuzi, stoo, mishahara na hesabu, ili namba ikishaandikwa mara moja ionekane kila inapohitajika. Mfuko wa saruji ukiuzwa kaunta, stoo hupungua mfuko mmoja, mapato huongezeka, kodi hujihesabu, na deni la mteja huingia kwenye leja bila karani kunyanyua kalamu. Hayo ni maelezo ya watu wa kawaida. Maelezo ya kitaalamu ni marefu zaidi, yana mishale na maduara, huonyeshwa kwa projekta, na ada yake ni nyingine. Duniani wapo wajuzi wengi wa programu na wajuzi wengi wa biashara. Waliozipanda elimu zote mbili hadi kileleni ni wachache mno, na uchunguzi wa haki, uliofanywa na mhusika mwenyewe, umethibitisha kuwa ni mmoja. Hapa ataitwa Bingwa.

Asili ya elimu hii ni ya heshima. Mwaka 1494 mtawa Luca Pacioli alichapisha Venice kitabu kilichoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila muamala pande mbili, na mpaka leo programu nyingi hazijathubutu kuongeza upande wa tatu. Mwaka 1972 watu watano waliotoka IBM walianzisha SAP huko Ujerumani. Mwaka 1990 kampuni ya ushauri ya Gartner iliipa mifumo ya aina hii jina la ERP, na kazi ambayo karani aliifanya kwa kalamu ikapata herufi tatu. Chenye herufi tatu hulipiwa zaidi. Wadogo nao hawakusahauliwa. Tally ilianza India mwaka 1986 na ikafika kwenye maduka mengi ya Afrika Mashariki. QuickBooks ya Marekani ilitoka mwaka 1992. TinyERP iliandikwa Ubelgiji mwaka 2005 na, baada ya kubadili jina mara mbili, ikawa Odoo. Odoo ina toleo la msimbo huria linalopakuliwa bure, na ERPNext ya India vilevile. Jina la ERPNext Bingwa halitamki mbele ya mteja, wala neno “bure”.

Katika kuchagua programu, wasiojua huanza kwa kuuliza kampuni inafanya kazi gani. Bingwa huanza kwa kuuliza ni programu ipi inayompa wakala wake kamisheni kubwa. Swali lake lina jibu moja lililo wazi, ilhali lile la wasiojua huzaa mjadala. Kisha hufuata onyesho. Onyesho hufanywa kwa data za kampuni ya mfano ambayo wateja wake wote wana namba ya mlipakodi, TIN, wote hulipa kwa wakati, na haijawahi kuvunjikiwa na kigae hata kimoja njiani. Tajiri akiona grafu inapanda, hutikisa kichwa kwa kukubali. Mkataba husainiwa grafu ikiwa bado ukutani.

Ichukuliwe, kwa ajili ya somo, kampuni inayouza kwa jumla vifaa vya ujenzi na umeme pale Kariakoo: tajiri, mhasibu anayekuja mara mbili kwa wiki, vijana wa kaunta, na mtunza stoo aliyeko godauni. Kampuni ya namna hii hutunza kumbukumbu zake sehemu tatu. Ipo mashine ya risiti, EFD, kwa ajili ya mamlaka ya kodi, TRA. Ipo Ekseli ya mhasibu, kwa ajili ya benki. Na lipo kaunta buku la mtunza stoo, kwa ajili ya ukweli. Kazi ya mfumo ni kuzifanya sehemu hizo tatu ziwe moja. Swali la sehemu ipi izifuate nyingine halina budi kujibiwa mapema, na hapo ndipo Bingwa anapojitenga na wanafunzi wake, kwani hachagui hata moja: anayo ya nne, iliyokuja na programu.

Uchunguzi wa mahitaji hufanywa ofisini kwa tajiri, penye kiyoyozi. Tajiri huulizwa biashara yake inavyokwenda, naye huieleza jinsi ambavyo angependa iende. Maelezo hayo hupigwa chapa, huwekwa jalada la bluu na kuitwa andiko la mahitaji. Mtunza stoo hahojiwi. Si dharau, ni kwamba majibu yake huongeza kazi. Angeulizwa, angesema kwamba asubuhi winga huja kuchukua taa na swichi, huzipeleka kwa mteja aliyemkamata mtaani, na jioni hurudisha fedha au hurudisha mali. Angeongeza kwamba muuzaji wa Mbagala alibeba nyaya kwa mali kauli, yaani alipe akishauza, tangu kabla ya Ramadhani, na kwamba hakuna wasiwasi, anajulikana.

Jambo la mali kauli lastahili kukaliwa kidogo, maana limewaangusha wengi waliojiita mabingwa kinyume cha sheria. Mfumo hudai tarehe ya mwisho ya kulipa: siku saba, kumi na nne, thelathini. Mali kauli haina tarehe. Ina sura ya mtu, jina la mtaa wake na shemeji aliyemleta. Ikiandikwa kama mauzo, kampuni inaonekana imepata faida, na VAT ya asilimia 18 inadaiwa juu ya fedha ambayo bado iko Mbagala. Isipoandikwa kabisa, godauni linaonekana limejaa nyaya ambazo hazimo. Programu nyingi zina njia ya kati: hufunguliwa stoo ya kubuni kwa jina la mchukuaji, mali huhamishiwa humo, na mauzo huandikwa pale anapoleta taarifa kwamba ameuza. Winga naye hupewa stoo yake kwa njia hiyohiyo. Kazi yenyewe huchukua muda mfupi na haihitaji mstari hata mmoja wa msimbo. Kwa sababu hizo mbili, Bingwa haipendekezi. Yeye huamuru mawinga na mali kauli vikome kuanzia siku ya kuwasha mfumo, kwa kuwa havimo katika moduli. Mauzo hushuka, na mfumo huonyesha kushuka huko kwa rangi za kupendeza.

Sasa yafuata marekebisho, yaliyo roho ya elimu hii na kodi ya nyumba ya mwalimu wake. Wataalamu wa daraja la chini hutofautisha kusanidi na kuandika msimbo mpya. Kusanidi ni kutumia vitufe ambavyo programu imekuja navyo: kuchagua sarafu, kupanga orodha ya akaunti, kuamua gharama ya mali ihesabiwe kwa wastani au kwa kanuni ya kilichoingia kwanza kutoka kwanza, kumzuia kijana wa kaunta asitoe punguzo kupita kiasi. Kuandika msimbo ni kuibadili programu yenyewe. Kusanidi ni kupunguza urefu wa suruali ya mtumba. Kuandika msimbo ni kumwambia fundi aongeze mguu wa tatu. Mguu huo huwezekana, tena hupendeza, ila kila toleo jipya la programu likija hubidi ushonwe upya. Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka. Aliyebobea huona hapo pensheni.

Marekebisho yanayodaiwa zaidi na matajiri ni nembo ya kampuni kwenye ankara iwe kubwa. Baada ya hapo Bingwa hushauri mengine kwa hiari yake. Katika kampuni ya watu saba huweka ngazi tano za idhini ya manunuzi, kama walivyo nazo wenye viwanda. Ombi la kununua balbu ya choo hupanda ngazi zote tano, na kwa kuwa kampuni ina mwenye sauti mmoja tu, tajiri hujiidhinisha mara tano. Choo hubaki gizani mpaka arudi kutoka kufuata mzigo Guangzhou.

Wapinzani wa Bingwa hupenda kumtajia Lidl, mwenye maduka makubwa wa Ujerumani. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilianza mradi wa kuhamia SAP. Mwaka 2018 iliuacha, baada ya kutumia kiasi kilichoripotiwa na vyombo vya habari kuwa takribani yuro milioni 500. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba Lidl ilizoea kuthamini mali yake kwa bei ya kununulia, ilhali utaratibu wa kawaida wa programu ile ulitumia bei ya rejareja. Kampuni haikutaka kubadili desturi yake, basi programu ikabadilishwa, na mabadiliko yakazaa mabadiliko. Wengine hukisoma kisa hiki kama onyo. Bingwa hukisoma kama ankara.

Baada ya msimbo huja data, kazi chafu ambayo Bingwa huiacha kwa kijana wa mafunzo kwa vitendo. Katika Ekseli ya mhasibu bati moja lina majina manne: BATI G28, Bati geji 28, bati 28 fupi, na Mabati (yale ya zamani). Kijana huyapakia yote, na mfumo, ambao hauna desturi ya kutilia shaka, huyapokea kama bidhaa nne. Vipimo ndivyo vigumu zaidi. Waya hununuliwa kwa roli na kuuzwa kwa mita. Misumari huingia kwa katoni na kutoka kwa kilo, nusu kilo na robo. Nondo huhesabiwa kwa kipande kaunta na kwa tani bandarini. Mfumo unahitaji kuambiwa mara moja tu kipimo kimoja ni sawa na vingapi vya kingine, lakini ukiambiwa vibaya hapo hukosea milele, kwa haraka na kwa unadhifu. Anayejua roli ya kila aina ina mita ngapi ni mtunza stoo. Naye, kama ilivyokwisha kuelezwa, hahojiwi.

Salio anzia lina utaratibu unaojulikana. Duka hufungwa, mali huhesabiwa na watu wawili mbalimbali, hesabu zao hulinganishwa, palipo na tofauti huhesabiwa tena, na jumla huingizwa kwenye mfumo kwa tarehe moja pamoja na madeni, fedha iliyoko benki na iliyoko kwenye simu. Utaratibu huo huchosha na hutia vumbi. Bingwa hupakia namba za mwaka uliopita, na pengo lolote hulitia kwenye akaunti iitwayo Tofauti ya Mpito. Akaunti hiyo ni hodari: ndani ya miezi michache huwa kubwa kuliko mtaji. Ikitokea mfumo ukaonyesha kuwa godauni lina mifuko ya saruji hasi arobaini, maana yake imeuzwa mifuko arobaini ambayo mfumo haukuwahi kuambiwa kuwa iliingia. Hapo tiba ya Bingwa ni kuzima onyo.

Siku ya kuwasha mfumo yataka hekima. Mwaka 1999 Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, waliwasha mfumo mpya karibu na msimu wa Halloween, peremende zinaponunuliwa kwa wingi. Oda za takribani dola milioni 100 zilishindwa kufika kwa wateja ilhali mali ilikuwamo ghalani. Waoga walijifunza kuchagua mwezi mkavu. Bingwa huchagua tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT ya mwezi uliotangulia, kwa sababu siku hiyo mhasibu lazima awepo ofisini.

Mafunzo ni ya Jumamosi moja mchana, baada ya chakula. Watumiaji wote hupewa nenosiri moja ili wasichanganyikiwe, na kwa hiyo kosa lolote hujulikana kuwa limefanywa na “admin”. Kuhusu risiti, mfumo waweza kuunganishwa na EFD ya mtandaoni, ankara ikatoka na risiti yake papo hapo. Bila muunganisho huo kijana wa kaunta huandika kila mauzo mara mbili, kwenye mfumo kisha kwenye mashine, na foleni ikirefuka huacha moja. Huacha mfumo, kwani mfumo hautozi faini. Mtandao ukikatika, huacha kompyuta pia na kuandika kwenye daftari, akikusudia kuingiza usiku. Kukusudia huko Bingwa amekuita “utaratibu mbadala wa dharura”, na huutoza ada pembeni.

Baada ya miezi sita hufanyika tathmini. Tajiri hufungua ripoti ya stoo, huitazama, kisha humpigia simu mtunza stoo kumuuliza nyaya zimebaki roli ngapi. Mtunza stoo hufunua kaunta buku na kumjibu kabla dakika haijaisha. Tajiri huagiza mzigo kwa jibu hilo. Bingwa, aliyekuwapo, huandika katika tathmini yake kwamba mfumo umekubalika vizuri ila watumiaji wanahitaji awamu ya pili.

Wenye kampuni ndogo wanaotaka awamu ya pili waje na nusu ya malipo, andiko la mahitaji lenye jalada la bluu, na tajiri mwenyewe. Mtunza stoo abaki stoo.