Umeridhika kwa Kiwango Gani, Mzee?

Mwanafunzi wa uzamili wa ustawi wa jamii hushuka gatini Mtangawanda, kisiwani Pate, Lamu, akiwa na silaha kamili: kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013), fomu za ridhaa, na dodoso lenye mizani ya Likert, iliyobuniwa Marekani mwaka 1932. Kalenda ya msimamizi wake haijui kwamba mkondo wa Mkanda, njiani kuelekea Pate, hupitika kwa radhi ya maji.

“Mzee, umeridhika na huduma za jamii? Moja hadi tano.”

“Mwanangu, bodaboda ya Siyu ishaondoka?”

Huandikwa tatu: hana msimamo.

Msimamo upo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na bandari mpya ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Waliofikisha kesi hiyo mahakamani hawakuhitaji kuulizwa kiwango cha hasira yao.

Sura ya tano ya tasnifu hupendekeza “utafiti zaidi ufanywe”. Mara nyingi mtafiti anayefaa ni mwandishi mwenyewe, safari hii kwa shahada ya uzamivu.