Namna ya Kumpeleka Mama Rumonge Kutazama Mpira Wakati wa Mvua

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Bujumbura mwenye gari linalotembea na mama anayependa mpira. Timu ya vijana ya mtaa, tuseme ya Buyenzi, imealikwa Rumonge kwa mechi ya kirafiki. Mjukuu wa Mama amepangwa beki wa kulia. Mwezi ni Aprili. Mbele yako kuna kilomita 75 hivi za barabara ya taifa namba 3: ziwa kulia, milima kushoto, mvua juu.

Vijana wengi huenda safari hii kama wanaopeleka mzigo. Mama anawekwa nyuma, muziki unafunguliwa, mafuta yanakanyagwa. Jioni wanarudi wakijiuliza mama amenunia nini. Amenuna kwa haki. Kanuni zifuatazo zitakuepusha na hayo, na zote zinatokana na moja: usukani ni wako, safari ni ya Mama.

1. Safari ni Jumapili, petroli ni tangu Jumatatu

Jumamosi asubuhi nchi nzima ina kazi za pamoja, na barabarani utaulizwa unakwenda wapi wakati wenzako wameshika majembe. Jumapili basi. Lakini petroli usiiache hadi Jumamosi jioni. Uhaba wa miaka hii umemfundisha kila mwenye gari Bujumbura kwamba foleni ya kituo cha mafuta inaweza kumeza mchana na usiku wake. Hesabu ya kwenda na ya kurudi iwe imekamilika kabla hujamwambia Mama avae.

Kagua raba za waipa, kwa kuwa zikikauka hutandaza maji kiooni badala ya kuyafuta. Kagua breki, tairi la spea na jeki. Karatasi za gari na bima ziweke mahali mkono unapofika mara moja. Vizuizi vya polisi vipo njiani, na hakuna mama anayependa kumwona mwanawe akipekua gari zima mbele ya askari.

2. Kikapu hakijadiliwi

Atatoka nyumbani na kikapu. Ndani mna chupa ya chai ya tangawizi, chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, sambusa, ndizi mbivu, mswala, mwamvuli, mifuko ya plastiki iliyokunjwa vizuri na kanga zaidi ya unazodhani zinahitajika. Utatamani kuuliza, "Mama, kanga zote hizi za nini?" Meza swali hilo.

Mkifika Kanyosha mvua itakuwa imeshika, madirisha yamefungwa, pumzi zenu zimekutana na ubaridi wa kioo, na hutaona kitu mbele. Hapo Mama atachomoa kanga ya kwanza, ataikunja mara mbili na kukufutia kioo kwa mzunguko wa polepole kuanzia upande wako. Kiganja chako kingeacha mafuta tu. Kanga ya pili itamfunika mjukuu atakapotoka uwanjani ameloa chapachapa. Ya tatu atajitanda mwenyewe. Kila kitu kilichomo kikapuni kina kazi yake, na anayeijua kazi hiyo ndiye aliyekipakia.

3. Mpe kiti cha mbele, na utii macho yake

Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, ilhali magari mengi tuliyonayo, Probox zikiwemo, yalitengenezwa kwa barabara za Japani na usukani wake uko kulia. Maana yake ni kwamba wewe dereva umekaa ukingoni, na abiria wako wa mbele amekaa karibu na mstari wa katikati. Ukiwa nyuma ya lori lililosheheni ndizi na unataka kulipita, anayeona kinachokuja ni yeye. Wewe unaona ndizi.

Kwa hiyo Mama akisema "Bado," ni bado. Akisema "Ngoja," ngoja. Akitaja mbuzi, kuna mbuzi, hata kama bado hujamwona. Atataja pia baiskeli, dimbwi, mtoto na kasi yako. Sikiliza vyote. Kwenye mvua, mwanga wa taa za mbele hutawanyika na breki huchelewa, na jozi ya pili ya macho ni ulinzi ambao hakuna duka linalouuza.

4. Tazama milima kabla ya kutazama daraja

Hii ndiyo kanuni ya kufa na kupona. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na safu ya milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nile, iliyo mashariki yetu, inapita mita 2,000. Kati ya kilele na ziwa hakuna nafasi. Mito kama Mugere inateremka kwa mbio, ikiwa na udongo na mawe, na inakatiza barabara yako kabla ya kuingia ziwani. Mvua inaweza kuwa imekatika mahali ulipo, jua likachungulia, na bado maji ya saa iliyopita yakawa njiani yanakuja.

Mama analijua hili bila kuonyeshwa ramani. Anakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mafuriko yalipoingia mitaa ya Kamenge, Kinama na Buterere na kuua watu kwa makumi. Anakumbuka Machi 2015, mlima ulipomomonyoka Gitaza, kwenye barabara hii hii unayoipita, ukaifunga. Anakumbuka 2024, ziwa lilipopanda hadi kukaribia kina cha miaka ya 1960, likaingia majumbani mwa watu. Huenda hata ya miaka hiyo ya 1960 aliyasikia kwa mama yake.

Basi ukiona maji ya rangi ya udongo yanapita juu ya lami, simama. Usimfuate mwenye lori aliyepita. Lori lina uzito ambao gari lako halina. Usipime kina kwa matairi. Mama akisema "Simama hapa," zima injini, washa taa za tahadhari, fungua chupa ya chai. Lakini usisimame chini ya mlima ulio wazi unaodondosha vijiwe. Sogea mahali tambarare kwanza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na upande huu wa Magara guu ndilo hasara ndogo kuliko zote.

5. Simama Mugere

Kilomita kama 12 kusini mwa mji kuna jiwe kubwa lenye majina ya wasafiri Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Hawakukutana hapo, walikutana Ujiji kabla ya hapo, kisha wakapanda mtumbwi kuja kaskazini kuona kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliona unaingia, na tumaini kwamba Ziwa Tanganyika lingekuwa chanzo cha Nile kwa njia hiyo likaisha.

Shuka na mwamvuli, umshike Mama mkono kwa sababu nyasi zinateleza. Mpe nafasi alitazame jiwe kwa muda wake. Novemba ni mwezi wa mvua, kwa hiyo wageni wale nao waliloa kama nyinyi. Na hawakupiga makasia wenyewe. Walipigiwa na watu ambao majina yao hayakuchongwa, na ni watu wa misafara kama ile, wa Ujiji, Tabora na pwani, waliokileta Kiswahili kwenye fukwe hizi hadi leo Buyenzi na Rumonge watu wanabembeleza watoto kwa lugha hiyo. Mweleze mjukuu hayo siku moja, lakini leo mwache Mama akueleze wewe.

Mvua ikikatika mkiwa hapo, geukeni ng'ambo. Kiangazi vumbi na moshi huificha milima ya Kongo hata usidhani ipo. Baada ya mvua hewa huoshwa, na milima ile husimama mbele yako mkunjo kwa mkunjo. Ndiyo sababu nasema Aprili ni mwezi mzuri wa safari hii, kwa mtu mwenye subira.

6. Ongeeni mpira wake

Wewe unataka kujadili Arsenal na Real Madrid. Zima redio, uliza Vital'O. Mwulize kuhusu 1992, klabu hiyo ya Bujumbura ilipofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika na kushindwa na Africa Sports ya Kodivaa. Mwulize alikuwa wapi tarehe 23 Machi 2019, timu yetu ya taifa, Intamba mu Rugamba, walipotoka sare ya 1-1 na Gabon hapa Bujumbura na kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Kule Misri hatukufunga hata bao moja. Mama hatalitaja hilo, nawe usilitaje.

Atakuambia pia habari za Lydia Nsekera, aliyeongoza shirikisho la soka la Burundi tangu 2004 hadi 2013, na mwaka huo 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia kamati ya utendaji ya FIFA. Mama aliyeambiwa ujanani mwake kwamba mpira ni wa wavulana hulitamka jina hilo kwa furaha ya pekee.

Na kwa kuwa mnaelekea kusini, mwulize pia habari za mkimbiaji Vénuste Niyongabo, mtoto wa Makamba. Atlanta, 1996, Burundi ikishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, alikuwa na nafasi katika mita 1,500, mbio alizozizoea. Akamwachia mwenzake Dieudonné Kwizera, aliyekuwa amesubiri Olimpiki miaka mingi kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya kumpeleka. Niyongabo akaenda kukimbia mita 5,000 na kurudi na dhahabu. Swali lako liwe fupi, kimya chako kiwe kirefu. Kati ya Magara na Minago utasikia mambo ambayo sebuleni, watu wakiingia na kutoka, hayapati nafasi.

7. Uwanjani, mwache apige kelele

Mkifika, huenda mkakuta uwanja umejaa maji. Mwamuzi atakwenda katikati na kuuachia mpira udondoke. Ukidunda, mtacheza. Ukikaa dimbwini bila kurudi, mtasubiri. Kipa atakuwa golini mwake anasukuma maji kwa upande wa kiatu, akiyapeleka nje ya mstari, nayo yanarudi; anayasukuma tena. Mtazame huyo. Kijana anayefanya hivyo kabla ya mechi ya kirafiki anastahili kupigiwa makofi kabla filimbi haijalia.

Usimkalishe Mama chini ya mchikichi, hata ukiwa ndio wenye kivuli kizuri. Radi ikimulika na ngurumo ikafika kabla hujahesabu thelathini, rudini garini, mfunge milango, na wachezaji nao watoke uwanjani. Mechi itasubiri.

Mpira ukianza, usimwambie Mama apunguze sauti. Atamwita mjukuu kwa jina la nyumbani, atamkumbusha kwamba winga yule anakwenda na mguu wa kushoto, na mara nyingi atakuwa sahihi, kwa sababu ametazama mpira kabla hujazaliwa. Wakifungwa, asifiwe mjukuu kwa alichokifanya vizuri. Wakiahirishiwa, kaleni samaki wetu wa ziwani, mukeke, wa kuchoma kwa ndizi na pilipili. Hakuna aliyerudi Bujumbura akijuta kwa mukeke wa Rumonge.

8. Sokoni, wewe ni mchukuzi

Rumonge ni nchi ya mawese, na Mama atataka dumu. Lifunge mdomo kwa mfuko wa plastiki kabla ya kifuniko, lisimamishe wima na ulibane kwa tairi la spea. Mawese yakimwagika kwenye buti, gari litanukia hadi utakapoliuza. Ndagala, yaani dagaa, atachagua mwenyewe. Mvua hufanya zichelewe kukauka, kwa hiyo ataokota moja kwenye fungu na kuivunja katikati. Ikikatika kwa sauti, ananunua. Ikipinda, anaaga kwa heshima na kwenda meza ya pili. Usiingilie bei, na usitaje saa.

Saa ni kazi yako kimyakimya. Ondokeni mapema ili giza lisiwakute Gitaza. Kama mlima umeshaanza kunguruma na mvua haionyeshi dalili ya kukatika, laleni Rumonge. Mama hakosi ndugu au jirani wa zamani huko, na anayelala ugenini kwa sababu ya mvua hana wa kumlaumu.

Mkifika Buyenzi, majirani watauliza habari za njia. Atasimulia yeye. Atasema ndiye aliyeuona mto, ndiye aliyekataa mlipite lori, ndiye aliyeamua msimame. Usisahihishe neno hata moja. Ni kweli tupu: yeye alisema, wewe ulisikia, na ndiyo maana mmefika.