Heko kwa Wageni wa Siku ya Kwanza

Tuwape heko wakimbiaji wa Uingereza wasiokosa parkrun yoyote mpya, zile mbio za bure za kilomita 5 kila Jumamosi. Waandaaji huomba wafungue kimyakimya, wazoee kazi kwanza. Wageni hawa, kwa huruma zao, humiminika kutoka miji ya mbali ili waandaaji wazoee haraka, kama ndugu wanaowahi arusini sufuria haijainjikwa. Anayejitolea kugawa kadi za namba pale mwisho, mikono ikimtetemeka, humaliza mafunzo ya mwaka kabla ya saa nne. Majirani nao hupumzika nyumbani; mageti yamezibwa na magari. Kule parkrun ilikozaliwa, Bushy Park, London, mwaka 2004 walianza wakimbiaji 13 tu, maskini! Jumamosi ya pili msiwatafute wageni wetu. Kuna kwingine kunafunguliwa.