Namna ya Kumfanya Mwenye Duka Mwizi: Mwongozo kwa Wakurugenzi Wenye Kompyuta Mpya

Mheshimiwa Mkurugenzi, hongera. Mfumo mpya umenunuliwa, utepe umekatwa, picha na wauzaji zimepigwa. Sasa zimeanza kuingia zile simu kutoka mikoani: mahesabu hayalingani, fedha hazionekani, mashine inasema kuna shoti. Usikose usingizi. Ipo njia iliyojaribiwa Uingereza kwa miaka mingi, tena chini ya majaji wenye mawigi, na matokeo yake yamo katika kumbukumbu za mahakama. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani huko kwa kuwa kompyuta ilisema fedha zimepungua. Fuata maelekezo haya bila kuruka hata moja, nawe utafika.

Tuanze na mashine. Posta ya Uingereza iliipata yake, Horizon, kutoka ICL, kampuni iliyokuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Mkataba wa 1996 ulikuwa na mambo mawili: kuziwekea posta kompyuta, na kutengeneza kadi ya kulipia mafao ya serikali. Mwaka 1999 wizara iliyotaka ile kadi ikajitoa. Mwoga angesema mradi umekufa. Mwenye maono huchukua kilichobaki akakikabidhi fedha za nchi nzima. Kweli, mwaka 1998 kundi la mafundi wa ndani lilichunguza ile sehemu ya programu inayohesabu miamala ya kaunta, likaeleza jinsi ilivyoandikwa ovyo. Uandishi wake upya ulijadiliwa, kisha ikaamuliwa ibaki ilivyo. Hili ni somo lako la kwanza kuhusu mafundi: waache waandike ripoti zao, kabati unalo.

Pili, chagua bega la kubeba mzigo. Usimchague mwajiriwa wako, maana huyo ana mshahara, likizo na haki zake. Mchague wakala. Huku kwetu unamfahamu: mama mwenye duka la sukari na sabuni, na pembeni ana kibanda cha M-Pesa na floti yake. Posta nyingi za Uingereza huendeshwa na watu wa aina hiyo. Mtu huweka akiba ya maisha yake kwenye duka la kijiji, kisha kona moja ya duka anauza stempu, anapokea bili na kuwalipa wazee pensheni. Miongoni mwao wamo wengi wenye asili ya Bara Hindi, na jamii hiyo ya wenye maduka inajumuisha waliohama Kenya na Uganda miaka ya 1960 na 1970 wakaanza upya nyuma ya kaunta. Mkataba wa Posta ulimtaka wakala alipe hasara iliyotokana na uzembe au kosa lake. Posta ikausoma kwa kuurahisisha: kila hasara ni kosa lake. Uzuri wa usomaji huu ni kwamba hauhitaji uchunguzi.

Sasa weka namba ya simu ya huduma. Ni lazima iwepo, kwa sababu mtu aliyekosa pa kupiga anaweza kwenda kwa mwandishi wa habari. Jo Hamilton, mwenye duka katika kijiji cha South Warnborough, Hampshire, alipiga akiwa na upungufu wa zaidi ya pauni 2,000. Alipofuata maelekezo ya aliyepokea, upungufu ukawa maradufu mbele ya macho yake. Huduma gani nyingine ya simu ina kasi hiyo? Lee Castleton wa Bridlington alipiga mara 91. Wafundishe wapokeaji wako sentensi moja tu, na waiseme kwa upole: "Hakuna mwingine mwenye tatizo hili, ni wewe peke yako." Mamia ya watu waliambiwa hivyo, kila mmoja dukani mwake, na wengi wakaamini. Mfumo wa kompyuta unaweza kuwa mbovu na usikudhuru, Mkurugenzi. Kitakachokudhuru ni siku watu hawa watakapojuana.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo palipo na ufundi wenyewe. Wakala wa miaka ile hakuweza kufungua kaunta kwa kipindi kipya cha hesabu mpaka akubali takwimu za kipindi kilichopita. Kompyuta inasema kuna pauni fulani. Kwenye droo hazimo. Akikataa, posta haifunguki na wazee wamepanga foleni ya pensheni nje. Akikubali, ametia saini hesabu anazojua si sahihi. Hilo kwa sheria ya Uingereza ni kosa la kughushi hesabu. Umemtegea mtego ambao mlango wa kutokea ndio mlango wa mahakama, na umeutega kwa kubuni skrini tu. Ndipo mpelelezi wako anapomkalisha mtu na kumweleza kwa huruma: tunaweza kukushtaki kwa wizi, ufungwe, au ukiri kughushi hesabu, ulipe fedha zote, na usiitaje Horizon mahakamani. Jo Hamilton alikiri. Upungufu ulikuwa umefika pauni 36,000. Aliweka nyumba rehani, na wanakijiji wenzake ndio waliomchangia fedha na kwenda kukaa naye mahakamani. Usishangazwe na mambo kama hayo. Wanakijiji hawajui kusoma kompyuta.

Utauliza: na polisi je? Nani amekuambia unawahitaji? Polisi wanaweza kuuliza maswali. Uingereza, shirika au mtu yeyote anaweza kufungua mashtaka ya jinai mwenyewe, na Posta ilikuwa na wapelelezi na wanasheria wake tangu zama za farasi na barua za lakiri. Kwa hiyo mlalamikaji alikuwa Posta, mpelelezi Posta, mwendesha mashtaka Posta, na anayelipwa mwishoni ni Posta. Kati ya kesi zile zaidi ya 900, zipatazo 700 zilikuwa za kwake. Zilizobaki zilifunguliwa na vyombo vingine vya serikali, ambavyo navyo viliiamini mashine ile ile. Wapelelezi hao walikuwa na fomu ya kuwapanga washukiwa kwa rangi na asili, na katika fomu hiyo watu weusi waliwekewa neno la kibaguzi la karne zilizopita. Fomu ilipofichuliwa 2023, Posta iliomba radhi. Mwongozo huu unakushauri kuandika fomu chache.

Mahakamani, ngoma yako itachezwa na sheria. Zamani kifungu cha 69 cha sheria ya polisi na ushahidi ya 1984 kilimtaka anayeleta karatasi ya kompyuta athibitishe kwanza kuwa kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Kifungu hicho kilionekana kero, kikafutwa kwa sheria ya 1999, na kuanzia 2000 mahakama zikarudi kwenye dhana ya zamani: mashine ni nzima mpaka ionyeshwe vinginevyo. Mwaka huo huo Horizon ilikuwa inafungwa kwenye kaunta za posta. Sidai kuwa kuna aliyepanga yakutane. Ajali njema huwafikia waliojiandaa. Kwa hiyo ni wakala, asiye na mtaalamu wala daftari la hitilafu za Fujitsu, anayetakiwa kuonyesha ubovu wa mashine asiyoruhusiwa kuifungua. Lee Castleton alijaribu katika kesi ya madai, bila wakili. Upungufu wake ulikuwa kama pauni 25,000. Mwaka 2007 alishindwa akatwishwa gharama za Posta, pauni 321,000, akafilisika.

Seema Misra wa West Byfleet yeye alikataa kukiri wizi. Novemba 2010 alihukumiwa miezi 15 gerezani akiwa na mimba ya wiki nane, siku mwanawe alipotimiza miaka kumi. Baada ya baraza la wazee wa mahakama kumtia hatiani, mwanasheria mmoja wa Posta aliwaandikia wenzake barua pepe ya furaha, akitumaini kwamba ushindi ule utawazuia washtakiwa wengine kuisingizia Horizon. Fundisho la pale ni dogo: shangilia kwa mdomo. Barua pepe hazifi.

Kuhusu mafundi kwa jumla, neno moja zaidi. Watu wa kompyuta ni wasema kweli kwa namna ya hatari: wanaandika kila hitilafu na namba yake. Fujitsu walikuwa na orodha nzima ya hitilafu zinazojulikana. Mwaka 2015, huko Dalmellington, Uskoti, wakala alikuwa anahamisha pauni 8,000; skrini ikagoma, akabonyeza tena na tena, na mfumo ukaandika 32,000. Shoti ya pauni 24,000 kwa vidole tu, bila hata noti moja kutoka dukani. Tena mafundi wa Fujitsu kule Bracknell waliweza kuingia katika hesabu za posta wakiwa mbali na kuzigusa bila wakala kujua. Posta ilikanusha jambo hilo kwa miaka, hata baada ya mfanyakazi wa zamani wa Fujitsu kulieleza kwenye runinga 2015. Ukiwa na fundi anayejua mengi, mfanye shahidi wako mtaalamu. Hata hivyo, angalia washauri wa nje. Julai 2013 wakili mmoja aliiandikia Posta kuwa ushahidi wa mtaalamu wa Fujitsu hauaminiki, kwa kuwa hakuzitaja mahakamani hitilafu alizozijua. Mwezi uliofuata ilibidi aandike tena, mara hii kuwakumbusha kwamba kumbukumbu za vikao hazipaswi kuchanwachanwa. Waliokwisha kufungwa hawakuambiwa. Wakaguzi huru walioajiriwa 2012 na kuanza kuona mambo, 2015 waliondolewa.

Na wapinzani? Dharau wengi wao. Gazeti la Computer Weekly liliandika habari za mawakala saba mwaka 2009, na dunia ikaendelea kuzunguka. Ila mwogope mtu mtulivu anayetunza karatasi. Alan Bates, aliyenyang'anywa posta yake huko Llandudno, Wales, mwaka 2003, alifanya jambo baya kuliko kugombana: aliwatafuta wenzake. Wakafika 555, wakaishtaki Posta. Katikati ya kesi Posta iliomba jaji ajitoe. Akakataa, na Desemba 2019 akaamua kuwa Horizon haikuwa ya kuaminika. Lakini usikate tamaa, hata kushindwa kuna faida ukishindwa kwa gharama. Posta ilikubali kulipa pauni milioni 57.75. Mawakili na waliogharamia kesi walipokwisha kuchukua chao, watu 555 waligawana takriban milioni 12. Mkuu wa Posta wa miaka ya 2012 hadi 2019, Paula Vennells, mwaka huo alikuwa ametunukiwa nishani na Malkia.

Mahakama ya Rufaa ilifuta hatia 39 kwa siku moja, Aprili 2021, na bado nchi haikutikisika. Kilichoitikisa ni tamthilia ya televisheni ya ITV iliyoigiza kisa hiki, Januari 2024. Majaji walikuwa wamekwisha kusema, magazeti yalikuwa yamekwisha kuandika, wabunge walikuwa wamekwisha kulalamika. Serikali ikasikia waigizaji. Vennells akatangaza kuirudisha nishani mwezi huo huo, na kufikia Mei Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kufuta hatia za mamia kwa mkupuo. Kama una bajeti ya kunyamazisha watu, Mkurugenzi, anzia kwa waandishi wa tamthilia.

Gharama zipo, sikufichi, ila haziingii katika vitabu vyako. Tume ya Sir Wyn Williams iliyochunguza kashfa hii, katika sehemu ya kwanza ya ripoti yake ya Julai 2025, ilisema huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mambo haya. Wengine walikufa wakiwa bado wanaitwa wezi, na watoto wao walizomewa shuleni. Hakuna mfumo wa hesabu unaoonyesha shoti ya namna hiyo.

Hatua ya mwisho ni rahisi kuliko zote: usiitupe mashine. Mwaka 2025, baada ya hukumu, rufaa, sheria ya Bunge na ripoti ya tume, Horizon ilikuwa bado inahesabu fedha kwenye kaunta za posta za Uingereza. Mwaka huo huo serikali ilikuwa inakusanya maoni kuhusu ile dhana ya kuwa kompyuta ni nzima mpaka mtu aonyeshe vinginevyo. Maoni yalikusanywa. Dhana haikuwa imefutwa.