Kwa Heshima ya Giaboksi Inayoteleza

Gari likisifiwa, husifiwa injini. Zikiisha sifa za injini, huja viti vya ngozi, paa la kioo na kamera ya nyuma. Hakuna anayemkumbuka yule aliyelala chini ya sakafu, gizani, ameloa oili mpaka kichwani, ambaye shangingi zima la viti saba haliwezi kusogea hatua moja bila ridhaa yake. Leo nampa haki yake. Naisifu giaboksi ya automatiki, tena si ile nzima. Giaboksi nzima haina habari. Mtu hukaa nayo miaka kumi na tano asijue hata imefungwa upande gani. Naisifu ile inayoteleza, inayogonga ikiingia gia, ile ambayo ukiiwekea R inafikiri kwanza.

Tuanze na nasaba, maana hii si mtoto wa jalalani. General Motors waliitia automatiki yao, Hydra-Matic, kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, wakampumzisha Mmarekani mguu wa klachi. Mwaka 1958 DAF wa Uholanzi wakaonyesha gari dogo lisilo na gia za kuhesabu, linaloendeshwa na mikanda ya mpira juu ya puli zinazojipanua na kujibana. Baadaye mpira ukawa chuma, ikaitwa CVT, na Nissan wakaifunga kwenye Murano iliyoingia soko la Marekani kama toleo la 2003. Yaani familia nzima, mabegi yake na bibi yake, wanavutwa na mkanda mmoja wa chuma uliobanwa katikati ya puli mbili. Mwaka 2009 kampuni hiyo ikaongeza maradufu dhamana ya CVT huko Marekani, kwa magari ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Nionyesheni mfanyakazi mwingine aliyeumwaumwa kazini mwajiri akamwongezea bima.

Wamarekani hao hao walijaliwa muujiza mwingine kwenye Nissan Pathfinder za 2005 hadi 2010. Humo, oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, ikitenganishwa na maji kwa ukuta mwembamba wa chuma. Ukuta ukipasuka, majirani wawili waliokatazwa kuonana huonana. Maji ya rejeta huingia giaboksi, vitambaa vya klachi hubabuka gundi, na unachokichungulia ni uji wa rangi ya waridi ambao wenyewe waliupachika jina la kinywaji cha stroberi. Gari la nchi kavu linalojitengenezea kinywaji! Na bado kuna watu wanataka paa la kioo.

Lakini sifa yake kubwa ni kufundisha unyenyekevu, na darasa lake ni Mlima Kitonga, njia ya Iringa. Chukua Discovery 3, gari la tani mbili na nusu kabla hujapakia mtu. Pakia watu saba. Liweke nyuma ya lori la Zambia linalopanda kwa kujikokota. Mwendo ni mdogo, kazi ni kubwa: konveta, inayopokeza nguvu ya injini kwa kukoroga oili, inakoroga kuliko inavyosukuma, na nguvu isiyofika kwenye matairi inageuka joto. Joto linaingia kwenye oili. Oili ikishachemka na kuzeeka, haina presha ya kubana klachi sawasawa, klachi zinateleza, kuteleza nako kunaleta joto jingine. Mwishowe kompyuta inaona isife na mtu, inaigandisha giaboksi kwenye gia moja na kuwasha taa kwenye dashibodi. Baba mwenye gari, ambaye kule Ruaha Mbuyuni alikuwa akiwapigia wenye vigari vidogo honi, anaegesha pembeni na kufungua boneti. Boneti haihusiki kabisa. Lakini mwanamume mwenye shangingi lililokwama lazima afungue kitu.

Na hapo ndipo utukufu wake unapodhihirika. Vijana wa kando ya barabara wakija kusukuma, wanaambiwa hapana: automatiki haiwashwi kwa kusukumwa. Dereva wa Fuso akitoa kamba, anaambiwa hapana tena, kwa sababu pampu ya oili huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa matairi yakaburuzwa, giaboksi inazunguka kavu na kujimaliza. Gari hili halisukumwi wala halikokotwi. Hubebwa juu ya lori, magurudumu yote manne hewani, kama sultani kwenye machila, na bili ya kubebwa hulingana na cheo hicho.

Wakati machila inasubiriwa, familia inaonana. Desemba, kwenye ule msafara wa sikukuu wa kwenda Moshi, utawakuta pale Hedaru au Same, chini ya mti, watoto wanakula mahindi ya kuchoma na baba anaulizwa na mama swali ambalo hajaulizwa tangu wanunue gari: "Hivi baba Neema, oili ya giaboksi ulibadilisha lini?" Maongezi ya namna hiyo huwezi kuyapata ndani ya gari zima linalokwenda kilomita 100 kwa saa huku kila mtu ameinamia simu yake.

Baba ana jibu, tena jibu la kitabu. Oili ya giaboksi hii ni ya maisha. Ndivyo walivyosema watengenezaji wengi wa magari, na hawakudanganya: oili inadumu mpaka giaboksi inapokufa, na giaboksi inakufa oili inapochoka. Ahadi imetimia pande zote mbili. Ni kweli ZF, Wajerumani wanaoitengeneza giaboksi ya gia sita iliyomo kwenye hiyo Discovery, wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Lakini ZF ni nani hata aijue giaboksi kuliko dalali aliyekuuzia gari?

Ukitaka kuonana nayo uso kwa uso, nenda gereji siku wanayofungua sampo. Fundi analala chini ya gari, bolti moja moja, kisha oili inashuka kwenye beseni. Iliingia ikiwa nyekundu. Inatoka rangi ya kahawa iliyoungua, na harufu yake hukaa kwenye shati mpaka jioni. Ndani ya sampo kuna sumaku ndogo zilizowekwa makusudi kukamata chuma kinachosagika. Fundi anafuta mojawapo kwa kidole gumba, na kidole kinatoka na matope meusi yanayometameta. Hayo ni meno ya gia na bearing zako, mzee, yamesagwa unga laini bila kinu.

Halafu fundi anatoa fatwa yake, ambayo kila mwenye gari la mkononi ameisikia: "Bosi, ungeniuliza kabla, nisingeigusa hii." Unauliza kwa nini, oili si ipo madukani? "Oili ipo, bosi. Ila klachi zimeisha, huo uchafu ndio ulikuwa unazishikilia. Ukiweka oili safi, gari haliendi." Na wakati mwingine anasema kweli. Hebu fikiria: mashine iliyofikia kiwango cha kuishi kwa uchafu wake mwenyewe! Hata sisi wanadamu wachache tumefika huko.

Mchumi naye asinyamaze. Giaboksi nzima haimlishi mtu. Mbovu inalisha mtaa mzima wa Gerezani: mwenye lori la kubebea, mwenye mashine ya kupimia, muuza oili, kijana wa kushikilia tochi, na mwenye stoo ya giaboksi za mtumba kutoka Japani, zimepangwa sakafuni, kila moja na tarehe ya mwisho ya maisha ya gari ilikotolewa. Utapewa dhamana ya kufunga na kujaribu. Ukijaribu leo ikaenda, dhamana imekwisha leo. Na kama gari lako ni Nissan ya CVT, yupo atakayelimiminia oili nyekundu ya kawaida badala ya NS-2 au NS-3 inayotakiwa, akisema oili ni oili. Mtu huyo mwezi ujao anakuona tena. Hivyo ndivyo wateja wa kudumu wanavyotengenezwa.

Linganisha na yule jirani mwenye Prado ya zamani. Anabadilisha oili ya giaboksi kila baada ya muda wake, ana daftari dogo kwenye droo ya gari, anaandika tarehe na kilomita. Gari limewapeleka watoto wake shule mpaka wamemaliza vyuo. Mkimkaribisha kijiweni hana hata kisa kimoja. Mnamuuliza gari likoje, anajibu, "Lipo." Sasa huyo mtu wa kuongea naye nini?

Kwa hiyo ndugu msomaji, siku ukikutana na tangazo la shangingi la viti saba, namba nzuri, AC kali, giaboksi haijawahi kufunguliwa, maongezi yapo, sababu ya kuuza mwenyewe anasafiri, usiwe na shaka na mwenyewe. Anasafiri kweli. Tiketi ya basi keshakata.