Jinsi ya Kusema Bila Kusema: Mwongozo kwa Mgeni wa Eastlands

Ikiwa umehamia Umoja, Kayole au Dandora, huku mashariki mwa Nairobi, juzi na bado una tabia ya kumwambia mtu kile unachotaka kumwambia, usiwe na wasiwasi. Ni ugonjwa unaotibika. Wengi waliingia huku wakiwa na hali kama yako, na leo wanaweza kupiga gumzo saa nzima na keyateka bila neno kodi kutoka kinywani mwa yeyote.

Tuanze na huyo keyateka. Tarehe tano ikipita atabisha hodi, na hataulizia pesa. Atasema, "Jirani, umepotea. Watoto wako salama?" Usimjibu habari za watoto. Sema, "Tunang'ang'ana tu, mkubwa. Wiki hii haiishi hivi hivi." Hapo umeomba wiki moja, na ombi lako litamfikia landilodi kabla chai haijapoa. Wiki ikiisha hivi hivi, utakutana naye kwenye ngazi akuambie tangi lina shida, maji hayatafika orofa yenu. Usimtafutie fundi. Tangi ni zima.

Suala la stima linataka ustadi zaidi. Ploti nyingi zina mita moja ya tokeni, nyumba nne au tano zikichangiana. Tokeni za siku kumi zikimalizika kwa siku tatu, kila mtu anajua kuna nyumba inachemsha maharagwe kwa koili usiku wa manane. Mgeni hukimbilia kubisha mlango wa mshukiwa. Wewe ngoja Jumamosi, watu wakiwa wengi kwenye mfereji na nguo zao. Toa simu, iweke sikioni, umwambie shangazi yako ambaye hayuko kwenye laini, "Aunty, huku kwetu kuna watu wamesahau hata jiko la makaa linafananaje!" Pandisha sauti kwenye "watu". Jina usilitaje kamwe. Ukilitaja umeanzisha vita. Usipolitaja ulikuwa unaongea na shangazi, na mwenye koili hawezi kukujibu bila kujishtaki. Tahadhari moja: zima simu kwanza. Ikikulilia sikioni katikati ya sentensi, anza kutafuta nyumba Komarock.

Wenzetu wa Pwani walilimaliza jambo hili zamani. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule wa nembo ya "Mali ya Abdulla", anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kutia maneno kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu hapo mwanamke anaweza kumjibu jirani kwa kumpitia tu mlangoni. Huku leso ni ya kubebea mtoto, kwa hiyo tuna stetasi za WhatsApp. Mpenzi akikukosea, usimweleze kosa. Weka stetasi kuhusu wanadamu wasio na shukrani, kisha kila dakika kumi utazame kama ameiona. Akiuliza kuna nini, jibu, "Niko sawa." Na ukitaka kuachana naye, usiachane naye. Kuwa bize. Kazi imekuwa mingi, jam ya Jogoo Road imekuchosha, hadi aondoke mwenyewe, halafu uweke stetasi ya kusalitiwa.

Kazini ndiko ufundi huu unakolipa, ila sharti ujue unamlipa nani. Alfajiri vijana wa Kaloleni wanasimama kwenye mageti ya viwanda vya Barabara ya Lunga Lunga. Ukibahatika kuingia utakula wiki tatu nzuri, nyapara akikuita kijana wangu. Kisha jioni moja atakugusa bega, "Kijana wangu, pumzika kidogo. Tutakupigia." Usimuulize kidogo hicho ni siku ngapi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo hadi siku zake zitimie mwezi, anahesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na kumwachisha kunadai notisi ya siku 28. Kwa maandishi! Mtu aliyezoea kusema bila kusema ataandika nini? Ndiyo sababu uchovu wako huonekana kila wiki ya nne inapokaribia. Nyapara ana jicho la daktari.

Kifungu cha 41 ni kioja zaidi: mwajiri anayetaka kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi duni amweleze sababu kwanza, kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake aliyemchagua mwenyewe. Lugha tunayoielewa huku ni kuondolewa kwenye grupu ya kazi Jumapili usiku.

Linganisha basi. Wiki yako isiyoisha hivi hivi ilikuombea siku saba za kodi. "Pumzika kidogo" ya nyapara ilimwokolea tajiri siku 28 za notisi. Mafumbo ni yaleyale, faida ndiyo haifanani. Ungeweza kuandika tarehe za kazi zako kwenye daftari, siku kwa siku, na kuhifadhi kila ujumbe wa malipo. Lakini huko ni kusema waziwazi, na mwongozo huu hauwezi kukushauri hivyo.

Anayetushinda ni mmoja tu, M-Pesa. Tangu Machi 2007 anataja jina, kiasi, tarehe na saa, na salio lililobaki, bila hata kuuliza hali. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayokukopesha salio likipungua na kujilipa yenyewe pesa yoyote inapoingia, kabla hujaigusa. Hata hivyo tumejikaza. Rafiki akikubali kukukopesha mia tano, mwambie, "Buda, tuma kwa laini ya mama watoto, yangu inasumbua kidogo." Ataelewa. Na kama ni mkaaji wa huku kweli, atakujibu kwamba hata yake inasumbua.